Watoto 80, uwanja mmoja, dakika 25: soka, netiboli, mpira wa mikono, riadha au rede?

Kamati ya shule ikipata fungu dogo la vifaa vya michezo, pesa huwa inaijua njia yake: mipira miwili ya soka, jezi, filimbi. Hakuna anayepinga, kwa sababu soka inapendwa na mashindano ya katikati ya mwaka yanakuja. Ulinganisho huu ni wa mwalimu mkuu au mwalimu wa michezo wa Mwanza anayetaka kupiga hesabu kabla fedha haijatoka.

Hesabu yenyewe ni ya muda. Kuanzia darasa la tatu kipindi kimoja ni dakika 40. La kwanza na la pili ni dakika 30. Toa tano za kutoka darasani, tano za kupasha mwili moto, tano za kunawa na kurudi. Zimebaki 25. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa wastani hadi wa nguvu, na angalau siku 3 kwa wiki awe na mazoezi ya kukaza misuli na mifupa. Mtoto wa Kwimba au Buchosa anayetembea kilomita tatu kwenda shule na tatu kurudi ameshapunguza sehemu kubwa ya deni hilo kabla ya kengele. Mwenzake wa mjini anayeshushwa na bodaboda getini hajalipa hata senti. Kwa huyo wa mjini, kipindi cha michezo kinaweza kuwa ndiyo nafasi yake pekee ya kuhema kwa siku nzima.

Kwa hiyo mchezo hapa unapimwa kwa maswali matatu. Kila mtoto atasogea dakika ngapi kati ya zile 25? Unahitaji mita ngapi za mraba kwa kila mtoto? Na kitu gani huharibika kwanza?

Tutenganishe pia mambo mawili ambayo shule nyingi huyachanganya. Kuna kipindi, ambacho ni sehemu ya somo la Sanaa na Michezo na ni haki ya darasa zima. Na kuna timu, inayopanda ngazi za UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa. Mwalimu wa timu anatafuta vipaji. Mwalimu wa kipindi anamtafuta yule mtoto anayejibanza nyuma ya ukuta wa choo filimbi ikipulizwa. Mchezo mmoja ukipewa kazi zote mbili, kipindi ndicho kinachopoteza.

Soka dhidi ya mpira wa mikono

Uwanja wa soka wa mita 100 kwa 64 ukigawanywa kwa wachezaji 22, kila mmoja anachukua mita za mraba 290. Watoto 58 waliobaki wanashangilia, na ukiwapokeza kwa zamu nne kila kundi linapata kama dakika sita. Hata katika hizo sita, golikipa na mabeki wa timu inayoshambulia wanasimama mikono kiunoni. Kwenye shule za vilimani kama za Mabatini na Igogo, ambako uwanja ni kipande kilichobanwa kati ya majabali na nyumba za watu, hata huo uwanja wa mita 100 haupo.

Soka ya kipindi inayofaa ni ya wanne kwa wanne. Kata vipande vya mita 20 kwa 15, magoli ni chupa mbili za maji za lita moja na nusu zilizojazwa mchanga na kutenganishwa kwa mita moja, hakuna golikipa. Watoto 80 wanahitaji vipande 10 na mipira 10, na vyote vinaingia katika nusu ya uwanja wa kawaida. Tatizo ni hiyo mipira 10. Changarawe ya Mwanza ni ya matale, yaani graniti, ina makali kama msasa. Mpira wa bei nafuu unachunika ganda kwanza, kisha nyuzi za mishono zinakatika, kisha kibofu kinatokeza. Mpira uliojazwa sana asubuhi ukaachwa juani hadi mchana hupasuka mapema zaidi, kwa kuwa hewa ya ndani hutanuka. Jaza mpaka kidole gumba kikibonyeza kizame kama sentimita moja. Sindano ya pampu iloweshwe kabla ya kuingizwa. Sindano kavu huchana vali, na mpira wenye vali iliyochanika hauna dawa. Saizi 4 inawatosha darasa la nne hadi la saba, saizi 3 kwa wadogo. Saizi 5, ambayo ndiyo hununuliwa mara nyingi, ni nzito kwa mguu wa mtoto wa miaka tisa.

Viatu navyo ni sheria inayosahaulika: ama wote wavae, ama wote wacheze peku. Mtoto mmoja mwenye njumu katikati ya wenzake wasio na viatu ndiye chanzo cha kucha zinazong'oka.

Mpira wa mikono una uwanja rasmi wa mita 40 kwa 20, lakini kwa watoto upo mpangilio mdogo wa mita 20 kwa 13, wanne na golikipa mmoja kila upande. Hiyo ni mita za mraba 26 kwa mtoto. Viwanja vinane vya namna hiyo, mipira minane, na darasa zima linacheza kwa wakati mmoja. Mpira ni saizi 1, mzingo wa sentimita 50 hadi 52, unaoenea katika kiganja cha mtoto. Faida yake kubwa ni kwamba mtoto asiyejua kitu anaweza kudaka na kurusha siku ya kwanza, wakati mguu usiozoea soka huhitaji miezi. Wavulana na wasichana wanacheza pamoja bila wasichana kugeuzwa mapambo ya pembeni, jambo ambalo katika soka ya mchanganyiko hutokea hata pale mwalimu anapokuwa na nia njema.

Udhaifu wake? Kudunda. Kwenye mchanga au nyasi ndefu mpira haudundi, mtoto anainama kuufuata na mchezo unakufa. Ondoa kudunda kabisa: hatua tatu, sekunde tatu, pasi. Vidole hushtuka watoto wakidaka wakiwa wameelekeza ncha za vidole kwenye mpira. Wafundishwe kuweka viganja viwili na gumba zikikaribiana nyuma ya mpira. Na golikipa asirushiwe mpira mgumu kutoka mita tatu. Chora nusu duara ya mita 6 (katika uwanja mdogo, 5 zinatosha) na mrushaji asiikanyage. Walimu wanaojua sheria zake ni wachache kuliko wa soka, lakini kwa mkoa wenye Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, pale Kwimba, hicho si kisingizio cha kudumu.

Kwa kipindi, tunauweka mpira wa mikono mbele ya soka kila mahali ambapo uwanja ni chini ya nusu ya ule wa kawaida. Kwa timu, soka ibaki. Watoto hawatakubali vinginevyo, na wazazi ndiyo kabisa.

Magoli ya michezo yote miwili yana hatari moja. Goli la chuma lililosimamishwa juu ya ardhi bila kufukiwa huanguka mtoto akining'inia, na mtambaapanya wake ukimpata kichwani unaua. Fukia nguzo sentimita 60 au zaidi, shindilia mawe. Nguzo za mkaratusi zinafaa na ni rahisi kupatikana. Sehemu ya chini ipakwe oili chafu kwa ajili ya mchwa. Neti zipo kando ya ziwa: nyavu kuukuu za sangara zinatosha kabisa, matundu yake hayapitishi mpira. Za dagaa hujaa upepo na kuivuta nguzo, na nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, ni haramu kuwa nazo na uzi wake hukata ngozi. Wavu wowote unaotoka mwaloni, wanakoshusha samaki, ukaguliwe ndoano kwa mkono wenye glavu kabla ya kufungwa.

Netiboli dhidi ya rede

Netiboli ndiyo fahari ya wasichana wengi shuleni na kwa timu hatuna la kuipinga. Uwanja ni mita 30.5 kwa 15.25, wachezaji saba kila upande, mita za mraba 33 kwa kila mmoja. Kasoro yake kama mchezo wa kipindi iko kwenye sheria zenyewe: kila namba ina eneo lake, kwa hiyo mfungaji na mlinzi wa goli wanaishi katika theluthi moja ya uwanja na hutumia muda mwingi kusubiri. Pete rasmi iko mita 3.05 juu. Mtoto wa miaka tisa akirusha mara kumi bila kufunga anaacha kurusha. Shusha hadi mita 2.4 kwa darasa la tatu na la nne, 2.7 kwa la tano, halafu ipande. Nguzo yenye tundu kadhaa na bolti moja inamaliza kazi hiyo. Jihadhari na kusimama ghafla. Sheria inamlazimisha aliyedaka mpira asimame, na kwenye changarawe mguu mmoja huteleza huku goti likibaki. Wafundishe kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa kidogo, kabla hata hujawapa mpira.

Sasa rede. Watoto wanaujua tangu mtaani, walimu wengi wanauona wa kitoto, na hapo ndipo wanapokosea. Wawili wanasimama mwisho huku na huku, umbali wa mita 10, wakirushiana mpira wa nguo. Sita wa katikati wanakwepa. Mita za mraba 6 kwa mtoto. Makundi kumi yanaenea kwenye kiwanja ambacho soka ingekitupa. Anayekwepa anaruka, anageuka, anachuchumaa, anakimbia hatua tatu nyuma: miguu, macho na uamuzi wa haraka, bila kupumzika.

Lakini rede ya mtaani ina kosa moja kubwa ukiileta kwenye kipindi. Anayepigwa anatoka, anakaa chini. Wa kwanza kupigwa ni mzito, mgonjwa, asiyeona vizuri. Yaani anayehitaji mazoezi kuliko wote ndiye anayekaa muda mrefu kuliko wote. Badilisha kanuni: anayepigwa anakuwa mrushaji, na aliyempiga anaingia kati. Hakuna anayetoka. Kosa hilihili limo katika michezo yote ya kutoana, na marekebisho ni hayohayo.

Mpira wa rede haununuliwi. Soksi kuukuu, vipande vya sifongo la godoro katikati, matambara juu yake, fungwa kwa uzi wa katani, soksi ya pili ivalishwe kinyume. Uwe mwepesi kiasi kwamba ukikupiga usoni unacheka. Mipira ya mifuko ya plastiki ya zamani imepotea yenyewe baada ya katazo la Juni 2019, na si hasara. Ilikuwa migumu mno. Piga marufuku kulenga juu ya bega, na kagua mpira kila wiki, kwa maana wapo watoto wanaochomeka jiwe katikati ili uruke mbali.

Kuruka kamba kuwekwe hapohapo na rede. Kamba ya katani ya mita 5, wawili wanazungusha, watatu wanaruka, wanapokezana kila baada ya dakika moja. Kwa mifupa hakuna mchezo wa bei hiyo unaoushinda, maana kila ruko ni mzigo mfupi unaoukaza mfupa. Wavulana wataanza kwa kusema ni wa wasichana; wape shindano la kuruka mia bila kukosa na ubishi utaisha. Mdako tunauacha nje: ni mzuri kwa vidole na hesabu, ila unachezwa umekaa. Mpira wa wavu nao hapana, kwa darasa la tatu hadi la tano; mpira unapigwa, unaanguka, mmoja anaenda kuuokota.

Riadha: rahisi kuliko zote, na inayopotezwa kuliko zote

Haihitaji mpira, haihitaji goli. Inahitaji mwalimu anayeogopa foleni.

Tazama mbio za kupokezana jinsi zinavyofanywa kwa kawaida. Watoto 80, mistari minne, 20 kila mstari. Kwenda mita 20 na kurudi ni kama sekunde 12. Mtoto anakimbia 12, anasubiri zaidi ya dakika tatu na nusu. Katika dakika 25 amekimbia sekunde 75, basi. Panga mistari 16 ya watoto watano: anasubiri sekunde 48, na jumla inafika dakika 5. Ukiweza mistari ya watatu watatu, inavuka dakika 8. Ni uwanja uleule na watoto walewale. Kijiti ni kipande cha bomba la maji la plastiki, sentimita 28 hadi 30, kingo zimepigwa msasa.

Shule yenye nafasi, kama nyingi za Magu na Misungwi, ijichoree njia ya mita 200. Tumia kigingi na kamba ya mita 15.9 kuchora nusu duara mbili, kila moja inatoa mita 50; ziunganishe kwa mistari miwili iliyonyooka ya mita 50. Eneo lote ni karibu mita 82 kwa 32, kabla ya kuongeza njia za nje. Njia ya pili ikiwa mita 1.22 nje ya ya kwanza, mkimbiaji wake aanze mbele kwa mita 7.67 katika mzunguko mzima. Usipofanya hivyo watoto watagombana, nao watakuwa na haki. Mistari ichimbwe kwa jembe mfereji mwembamba ujazwe majivu. Chokaa ikilowa jasho hubabua, na ikiingia jichoni ni hospitali.

Shimo la kuruka chini liwe na upana wa mita 2.75 na kina cha sentimita 30 hadi 40. Mchanga wa ufukweni unafaa baada ya kuchekechwa. Una makombe, vioo na ndoano. Ulimwe kwa jembe kabla ya kila kipindi. Mchanga ulioachwa wiki mbili za mvua ukakauka ni mgumu kama sakafu, na hapo ndipo vifundo vya miguu huvunjika.

Mbio ndefu zina somo lake. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Watoto wote hukimbia hivyo siku ya kwanza, wakafa mita ya 250. Weka mita 600, mpe kila mtoto mwenzake wa kuhesabu muda wa kila mzunguko, na mshindi awe yule ambaye mizunguko yake mitatu imekaribiana zaidi. Ghafla mwenye mwili mzito anaweza kushinda.

Na mchakamchaka? Ni hazina, kwa sababu wote wanakimbia. Ila kipimo rahisi cha nguvu ni mdomo: anayeweza kuimba bila kukatika bado yuko kwenye mwendo mwepesi, anayeweza kuongea lakini kuimba kunamshinda amefika mwendo wa wastani. Kwa hiyo ukikimbia na nyimbo mwanzo mwisho, hujafika. Ingiza vipande vitatu vya kimya, nusu dakika kila kimoja, mbio za kweli, kisha wimbo urudi. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kula asilazimishwe vipande hivyo. Kizunguzungu cha asubuhi mara nyingi ni njaa.

Ngoma, kamba na ziwa

Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, ikichezwa dakika 15 na fimbo badala ya majembe inashinda nusu ya vipindi vya soka tulivyovieleza hapo juu, na mtoto aliyeshindwa kila mchezo wa mpira huenda akawa kiongozi wa mstari. Kuvuta kamba kunaonekana kufaa kwa sababu kunabeba wengi. Usikubali kuweka 40 kwa 40: kamba ikikatika chini ya mvuto huo hurudi kwa nguvu ya kujeruhi, na mtoto aliyeizungusha kiganjani anaweza kupoteza vidole. Wanane kwa wanane, kamba nene ya katani, hakuna kuzungusha mkono, hakuna fundo.

Kuogelea ndiko kunakouliziwa sana shule za ufukweni na visiwa vya Ukerewe, na sababu ipo: watoto hawa wanapanda mitumbwi. Lakini kuwaingiza ziwani wakati wa kipindi ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine. Viluwiluwi vya kichocho hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hasa maji ya kina kifupi yenye majani na konokono, na jua la mchana ndilo saa yao. Mamba na viboko hawahitaji maelezo. Bila bwawa safi na mwalimu anayejua kuokoa, fundisha uokoaji wa nchi kavu: dumu la lita 5 lenye maji kidogo ndani ili liruke vizuri, kamba ya mita 12 kwenye mpini wake, duara la mita 2 lililochorwa uwanjani. Mtoto arushe mpaka dumu lipite juu ya duara na kamba ilale ndani yake. Kisha alale kifudifudi na kunyoosha fimbo ndefu. Kanuni ni moja, hakuna anayeingia majini kumfuata anayezama. Darasa lote linaweza kulijua hili kwa vipindi viwili.

Tukichagua

Shule ya kilimani yenye kiwanja kidogo: rede na kamba kwa vipindi vingi, mpira wa mikono mdogo pale panapotosha. Yenye uwanja mpana: riadha kwanza, soka ya wanne pili. Ya ufukweni: kama mojawapo ya hizo, na uokoaji wa nchi kavu kila muhula. Mpangilio wa manunuzi uwe hivi: tepu ya kupimia ya mita 50 na filimbi, mita 60 za kamba ya katani, pampu na sindano tano, mipira minne ya mikono saizi 1, mipira miwili ya netiboli, na soka baada ya hapo. Mipira ya soksi kumi ishonwe na watoto wenyewe katika saa ya Sanaa.

Vipindi vya nje vipangwe kabla ya saa 4 asubuhi kadiri ratiba inavyoruhusu, kwanza kwa ajili ya watoto wenye ualbino, ambao pia wavae kofia pana na mikono mirefu. Maji ya kunywa yawepo uwanjani. Ngurumo ya kwanza ikisikika wote waingie darasani, wasikimbilie chini ya mti, na wasirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Radi za ukanda huu wa ziwa si za kubahatisha.

Mazoezi ya timu yaende saa 9 alasiri, na mipira yake ifungiwe kabati tofauti na ile ya kipindi. Shule zinazotumia kabati moja hujikuta, wiki chache kabla ya mashindano, zikiwa na timu yenye mipira yote na madarasa saba yakifagia uwanja.